Kuruka kila mtu anakuona

Naishi kwa kuangalia vijana wa kikapu na kuwaandikia ripoti mawakala wa wachezaji. Mimi ni Mtanzania, ila sehemu kubwa ya kazi naifanyia Kigali. Tangu Mei 2021, BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, ilipoanzia kwenye ukumbi unaoitwa leo BK Arena, mji huu umekuwa njia panda ya kikapu cha Afrika. Mwaka ule gumzo lote lilikuwa J. Cole, mwanamuziki wa Marekani aliyevaa jezi ya Patriots ya Rwanda. Sisi wa kazi hii tulikuwa tunawaangalia watoto wa benchi.

Nafasi inayonitesa kuliko zote ni winga mbichi, yule mchezaji wa pembeni. Unamjua: miaka 19, urefu mita mbili na kidogo, mikono inashuka karibu ya magoti, akiruka ukumbi wote unasimama, halafu mpira wenyewe bado unamshinda. Senta akiwa mbichi walau ana pa kujificha. Atasimama chini ya goli, ataweka skrini kumzibia njia mkabaji, atadaka mipira ya juu na kudanki, na kocha ataridhika. Winga hana maficho. Anakaba mfungaji bora wa timu pinzani, na timu yake ikishambulia anasimama kona akiwa wazi, watu elfu kumi wakimsubiri arushe.

Swali ambalo kila wakala huniuliza ni huyu kijana anaweza kufika wapi. Mimi nimeacha kulijibu. Siku hizi ninajiuliza jambo dogo zaidi: kocha akimpa dakika nane usiku wa kwanza, atafanya nini ili asitolewe? Kijana mbichi hakui kwa kukaa benchi akipiga makofi, na muda wa kumsubiri ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Anayechaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya NBA, ambako timu za ligi kuu ya Marekani huchagua vijana kwa zamu, anahakikishiwa mshahara wa miaka miwili tu. Miaka miwili inayofuata ni hiari ya timu, na uamuzi kuhusu mwaka wa tatu unatolewa kabla msimu wa pili haujashika kasi. Kwa maneno mengine, timu inaamua ikiwa imemwona msimu mmoja. Kama msimu huo aliutumia kuvaa suti na kukaa pembeni, wataamua kwa kuangalia nini?

Wakala mmoja wa Ulaya alinitumia klipu ya kijana anayetokea Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nitamwita Winga, maana jina lake si la kutaja hapa. Klipu ilikuwa ya sekunde chache: ananyang'anya mpira katikati ya kiwanja, anadunda mara mbili, anaruka kutoka mbali na kudanki juu ya jitu zima, wenzake wa benchi wanaanguka chini kwa kicheko. Chini yake ujumbe: tuliweke jina lake kwenye drafti ya mwaka huu? Mchezaji wa nje ya Marekani ambaye hajafikisha umri wa kuingia moja kwa moja, yaani mwaka wa kutimiza 22, anaweza kujiandikisha mapema kuanzia mwaka anaotimiza 19, na ana ruhusa ya kujiondoa hadi siku kumi kabla ya drafti yenyewe. Mawakala wanaipenda sana ruhusa hiyo. Jina linatangazwa, simu zinaanza kupigwa.

Niliomba mechi nzima, na za kufungwa kwanza. Danki ya mechi ambayo timu yako inaongoza kwa pointi 25 haina mkabaji. Watu wameshachoka na wanafikiria basi la kurudi. Ninataka robo ya nne, timu imezidiwa kwa pointi sita, kocha anafoka. Naangalia mara ya kwanza bila sauti, macho kwenye miguu ya kijana tu, hasa mpira ukiwa upande wa pili. Mtangazaji akipiga kelele, nawe unaanza kupenda usichokiona.

Hiki ndicho nilichokiona kwa Winga. Mpira unamfikia kona ya kulia. Mguu wa kushoto unatangulia kutua, wa kulia unafuata kwa kuchelewa. Anaupokea mpira usawa wa nyonga, anaupandisha kifuani, anasita kidogo, ndipo unakwenda juu. Kwenye ligi anayochezea, muda huo wote hakuna anayemsumbua. Kwenye NBA, mkabaji aliyekuwa ndani ya boksi, chini ya goli, ameshafika, na kusita kule kumekwisha kuwa mpira ulionyang'anywa. Nilisimamisha picha hapo na kurudia na kurudia, maana jibu la nusu ya maswali ya wakala lilikuwa kwenye ile miguu.

Kuhusu shuti, watu wengi wanakimbilia asilimia ya pointi tatu. Mimi naanza na mitupo huru, ile unayopewa ukichezewa madhambi. Pale hakuna anayekukaba, hakuna saa ya kukukimbiza, umbali ni uleule. Ni wewe na mkono wako. Josh Jackson alipokuwa chuo cha Kansas msimu wa 2016-17 alipiga pointi tatu kwa asilimia 37.8, na waliotaka kumpenda wakaishika namba hiyo. Lakini alirusha 90 tu msimu mzima, na kwenye mitupo huru alikuwa na asilimia 56.6. Phoenix wakamchukua namba 4 mwaka 2017. Msimu wake wa kwanza pointi tatu zikashuka hadi asilimia 26 na kitu. Mtu wa asilimia 56 kwenye mstari wa mitupo huru hawi mpigaji wa mbali kwa sababu ya msimu mmoja wa mitupo 90.

Kawhi Leonard, aliyekuja kuwa nyota wa NBA, naye alitoka chuo cha San Diego State mwaka 2011 akiwa na asilimia 29 za pointi tatu. Kwa karatasi hiyo peke yake, ungeandika hapana. Timu 14 zilimpita, Indiana wakamchukua namba 15 na usiku huohuo wakampeleka San Antonio Spurs kwa kubadilishana na George Hill, ambaye Spurs walimpenda kwelikweli. Kule alikuwapo Chip Engelland, mwalimu wa shuti, na msimu wa kwanza Kawhi akapiga asilimia 37.6. Hadithi hii mawakala wanaipenda mno, kila mwenye mteja asiyejua kurusha ananisimulia. Wanachoruka ni kwamba Kawhi alifika akiwa na kazi ya kufanya tangu usiku wa kwanza. Chuoni alikuwa anachukua rebaundi, yaani mipira iliyokosa goli, zaidi ya kumi kwa mechi, na mikono ile mikubwa ilikuwa inapora mpira kwa watu wazima. Kukaba kulimpa dakika, na ndani ya dakika hizo shuti likapata muda wa kutengenezwa.

Upo upande wa pili wa hadithi hiyo. Michael Kidd-Gilchrist alichaguliwa namba 2 mwaka 2012 na Charlotte, mkabaji hodari, kijana wa kazi kama nini. Shuti lake lilikuwa na mkunjo wa ajabu hewani. Wakamleta Mark Price, mmoja wa wapigaji bora wa mitupo huru katika historia ya ligi, afanye naye kazi. Halikunyooka kamwe kwa kiwango cha kumfanya mkabaji amfuate mpaka kona. Kwa hiyo kukaba peke yake kunaweza kukununulia muda, ila shuti likichelewa sana muda huo nao unaisha.

Nikiwa nyumbani Dar, mtu akisikia kazi yangu, swali la kwanza ni Hasheem Thabeet. Sipendi jina lake linavyogeuzwa kichekesho vijiweni. Yeye ni senta wa mita 2.21, si winga, lakini suala ni lilelile la dakika. Alianza kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Miaka michache baadaye, Juni 2009, akachaguliwa namba 2 na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi hiyohiyo. Hasheem akapata dakika kama 13 kwa mechi, na Februari 2010 akashushwa ligi ya chini kwenda kutafuta mchezo. Wanaosema "wale Wazungu walidanganyika na urefu" wanasahau kwamba mtu aliyechelewa kuanza ndiye aliyehitaji kucheza zaidi, akapelekwa ambako nafasi ilikuwa imeshajaa.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu unatoka kwa jirani, ni Jonathan Kuminga. Ni mtoto wa Goma, mji wa mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, aliyehamia Marekani mwaka 2016. Badala ya chuo akajiunga na G League Ignite, timu iliyoundwa kwa ajili ya vijana wa aina yake, na mwanzoni mwa 2021 wakachezea mechi zao Orlando, wote wakiwa wamefungiwa sehemu moja kwa sababu ya korona. Alicheza mechi 13 dhidi ya wanaume wazima, akafunga wastani wa pointi 15.8 na rebaundi 7.2. Pointi tatu asilimia 24.6. Mitupo huru 62.5. Nilizitazama mechi zile usiku wa manane, na ukiuliza alikuwa nani, jibu ni kwamba ilitegemea umefungua robo gani. Hatua yake ya kwanza kuelekea goli ilikuwa ya mtu wa NBA tayari. Bila mpira, alikuwa anasimama wima, mikono kiunoni, mtu wake anampita mgongoni kwenda kufunga leiapu.

Golden State Warriors walimchukua namba 7 mwezi Julai 2021. Timu ya Orlando, waliofuata kuchagua, wakamchukua Franz Wagner, Mjerumani asiyeruka hata nusu ya Kuminga, ila ambaye hakuwahi kusimama mahali pasipofaa. Watu wa Goma na Bukavu wanaozungumza nami bado wanabishana kuhusu usiku ule. Mimi naona ubishi unaanzia pasipo pake. Kuminga aliingia kwenye timu ya Curry, Thompson na Draymond Green iliyokuwa inawinda ubingwa. Akaupata, Juni 2022, akiwa na miaka 19, na hilo hakuna atakayemnyang'anya. Lakini timu ya namna hiyo haina subira na mtoto anayesahau mtu wake. Msimu wake wa kwanza alicheza dakika kama 17 kwa mechi, na kosa moja lilikuwa tiketi ya kurudi benchi. Giannis Antetokounmpo, leo nyota mkubwa wa ligi, alipotoka daraja la pili Ugiriki mwaka 2013, Milwaukee Bucks waliomchukua namba 15 walishinda mechi 15 na kupoteza 67 msimu huo. Walikuwa wabovu kupita kiasi. Kwa hiyo walimwacha acheze karibu dakika 25 kila usiku, apoteze mipira, aanguke, ainuke, na hakuna aliyeona ubaya wa jambo hilo kwa sababu hakukuwa na la kupoteza.

Sisemi Kuminga angekuwa Giannis. Giannis ni mmoja. Ninachosema ni kwamba mchezaji yuleyule kwenye timu mbili ni wachezaji wawili. Mei 2025 Curry alipoumia msuli kwenye mchujo dhidi ya Minnesota, Kuminga, aliyekuwa ameonja benchi sana majira yale, alipewa mpira akafunga pointi 30 kwenye mechi ya tatu. Kipaji alikuwa nacho siku zote.

Turudi kwa Winga. Nilikwenda kumwona mazoezini, kwa sababu video haikuonyeshi mtu anavyopokea maneno. Kocha wake ni mzee wa makamo, filimbi shingoni, anasema kwa sauti ya chini kuliko makocha wengi ninaowajua. Nilimuuliza swali langu la kawaida: kijana anasikia? Akacheka. "Mwanangu, huyu ukimwonyesha kosa leo, kesho halirudii. Ila kesho kutwa anakuja na jipya."

Sijawahi kusikia sifa nzuri zaidi ya hiyo kwa kijana mbichi. Nikarudi kwenye video kuhakiki. Kwenye mechi za mwanzo wa msimu, mpinzani akijifanya anarusha, Winga alikuwa anapaa mpaka darini, anapitwa. Kwenye mechi za baadaye miguu imebaki chini, mkono mmoja juu, vizuri kabisa; sasa tatizo likawa anamkodolea macho mwenye mpira na kumsahau anayekata nyuma yake. Kosa jipya. Wachezaji ninaowaogopa ni wale wenye kosa moja la miaka mitatu. Unaona klipu ya akiwa na 17 na ya akiwa na 20, na ungeweza kuzibadilisha bila mtu kugundua.

Baada ya mazoezi nilikaa naye kwenye ngazi. Nilimuuliza kwa nini akiwa kona na yuko wazi anautoa mpira kama unamuunguza. Akajibu kwa Kiswahili cha kwao, ambako yaya ni ndugu mkubwa, "Yaya, kocha ananiambiaka nisitupe kama sina hakika. Sasa hiyo hakika nitaitoa wapi?" Nilikosa la kumwambia. Timu yake ilikuwa inapigania ubingwa, kocha hana makosa, na mtoto naye hana makosa.

Nilimuuliza pia kuhusu vyeti vyake vya kuzaliwa. Ni swali ambalo skauti wa kutoka nje wanaliuliza kwa dharau, na wa kwetu tunaliogopa. Linaulizwa kwa sababu miaka miwili inabadilisha kila kitu: kusita kule kwa kona kwa mtu wa 19 ni jambo la kufundishwa, kwa mtu wa 22 ni tabia. Kwa watoto waliokua wakikimbia vita, karatasi hupotea, na kupotea kwa karatasi si uongo. Zake zilikuwapo, zimekunjwa ndani ya Biblia ya shangazi yake, shangazi mwenyewe ndiye aliyenitumia picha.

Vipimo vya mwili nilivichukua haraka, maana wakala alivitaka: urefu bila viatu, upana wa mikono, urefu wa kuruka akiwa amesimama na akiwa amekimbia. Ni vilevile wanavyopimwa vijana wa drafti huko Chicago kila Mei. Vinasaidia, hasa mikono, kwa sababu mkabaji anafunika kiwanja kwa mikono kuliko kwa urefu. Ila mwaka 2007 Kevin Durant alishindwa kunyanyua chuma cha kilo 84 hata mara moja, na akaja kuwa mmoja wa wafungaji wakubwa wa ligi.

Ripoti yangu ilikuwa hivi, kwa kifupi. Katika dakika nane za kwanza atamkaba winga au gadi, yule anayeongoza mpira, bila aibu, atakimbia kwenye mashambulizi ya haraka, atachukua rebaundi za upande wa pili ambako hakuna anayemwangalia. Asipewe mpira aanzishe shambulio. Akidunda kwa mkono wa kushoto macho yanashuka chini. Pointi tatu za kona bado. Mitupo huru iko kwenye hamsini na kitu, na hiyo ndiyo namba ya kufuatilia kila mwezi. Anajifunza haraka. Asiingie drafti mwaka huu. Atafutiwe timu ya daraja la pili Ulaya, na ikiwezekana iwe inayofungwa sana.

Wakala alinipigia akiwa amekasirika. Nani, aliniuliza, anamuuza kijana kwa timu inayofungwa? Nilimweleza habari za Bucks na zile mechi 67. Akasema hadithi ya Giannis kila mtu anaisimulia baada ya Giannis kufaulu. Hapo alinibana vizuri, nakiri. Hata hivyo Bucks wenyewe hawakujua, na ndiyo hoja yangu: walikuwa na dakika za kugawa, basi.

Jina liliwekwa kwenye drafti hata hivyo, likatangazwa, simu zikapigwa, na likaondolewa kabla ya siku ya mwisho. Winga sasa yuko daraja la pili Hispania, kwenye timu ya katikati ya msimamo, si mbovu kama nilivyotaka. Anacheza dakika zisizotabirika, siku nyingine 6, siku nyingine 20. Niliangalia mechi yake ya majuzi. Mguu wa kushoto bado unatangulia kutua, ila mpira anaupokea kifuani badala ya nyongani, na kule kusita kumepungua kiasi kwamba alirusha kona mara nne na hakuna mkabaji aliyemgusa. Moja iliingia. Mitupo huru imefika sitini na kitu. Wakala ameuliza tena kuhusu drafti, na nimemwandikia kwamba mwaka huu bado.